Jogingi alfajiri, sendofu usiku, kwaya asubuhi: jinsi ya kuimaliza wikendi ukiwa bado na sauti

Wikendi ya Dar es Salaam haimchoshi mtu kwa shughuli zake. Kukimbia saa moja hakumlazi mtu mzima kitandani siku mbili, wala kucheza kwaito nyimbo tatu, wala kuimba sauti ya pili kwenye ibada. Kinachommaliza ni yale yaliyo katikati: kuvua na kuvaa, kusubiri bajaji, kusubiri bibi harusi mtarajiwa aingie kwenye sendofu, ile sherehe ya kumuaga kwao kabla ya harusi, kusubiri meza yenu iitwe kwenye chakula, kumtafuta fundi aliyezima simu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, naishi Tabata. Nimo kwenye klabu ya jogingi ya mtaani, kwaya ya usharika na kikoba cha akina mama, na nina ukoo mkubwa unaooa na kuolewa mfululizo. Jumatatu saa mbili asubuhi ninatakiwa niwe nimesimama mbele ya kidato cha pili, na sauti ifike dawati la mwisho. Kama unatafuta ushauri wa kupunguza shughuli, wapo wengi wa kukupa huo. Mimi sitaki kuacha hata moja, kwa hiyo nitakueleza namna ya kupunguza mapengo.

Wikendi huanza Jumatano

Jumatano ni siku ya kichwa na ya pesa.

Ukienda kusuka Jumamosi asubuhi utakuta saluni imejaa, maana kila mwenye kadi ya mwaliko ana wazo hilohilo, na utatoka na kichwa kinachovuta mpaka nyusi. Msuko mpya unataka usiku mmoja au miwili ulegee. Suka Jumatano jioni; Jumamosi nywele bado zinang'aa na kichwa hakiumi. Asiye na muda avae wigi, lakini wigi nalo lichanwe mapema, si wakati bajaji inapiga honi nje.

Kuhusu pesa, kama hujamalizia ahadi ya mchango wa sherehe, itume leo kwa simu na uhakikishe jina lako limehamishwa kwenye orodha ya waliomaliza pale kwenye kundi la WhatsApp. Mwenye deni la kamati hafurahii sherehe. Kila mweka hazina akipita karibu na meza, yeye anaanza kutafuta kitu mkobani. Kisha tafuta chenji, noti za elfu moja na elfu mbili. Utazihitaji kwa supu, kwa bajaji, kwa kumtunza mtarajiwa, kwa kijana anayeelekeza magari, kwa sadaka. Usiku wa Jumamosi noti ya elfu kumi haina kazi kwa sababu hakuna dereva atakayekubali kuwa ana chenji. Bahasha ya sadaka itie pesa yake leo na uifunge, uiweke ndani ya Biblia au ndani ya kabati la nguo. Muziki ukinoga mkono hauchagui pesa ya nini.

Halafu kuna kikao cha nyumbani. Mwenzangu na mimi hukaa Jumatano baada ya chakula tukagawana: nani anabaki na watoto, nani anapika Jumapili, nani anakwenda na nani. Kauli ya "natoka kidogo" ikitolewa Jumamosi saa kumi na moja jioni, mtu ameshajipaka manukato, ni mwanzo wa ugomvi ambao utakuchosha kuliko mbio zote. Na kama kadi ni ya watu wawili ila baba watoto hapendi kelele za spika, nafasi yake apewe wifi. Wifi uliyekwenda naye sendofu, mkala meza moja, mkacheza mstari mmoja, ni mtetezi wako ukweni kwa muda mrefu.

Alhamisi ni ya nguo

Chukua sare kwa fundi Alhamisi. Yeye atakupangia Jumamosi saa sita mchana, kwa hiyo tangu siku ya vipimo mwambie sherehe ni Ijumaa. Fundi naye anajua kuwa unamwambia hivyo, na bado inasaidia.

Ukishaichukua, usiijaribu kwa kusimama mbele ya kioo tu. Gauni la kitenge linaweza kukukaa vizuri ukiwa umesimama kama picha, kisha likakukaba ukiinua mikono, na sendofu nzima ni kuinua mikono. Kaa kwenye kiti, inuka, chuchumaa kidogo, nyoosha mikono juu, geuka kulia, geuka kushoto. Pakibana, fundi aachie mshono hapohapo wakati cherehani iko mbele yake.

Piga pasi kila kitu kwa mkupuo mmoja: sare ya sherehe, sare ya kwaya, na blauzi ya Jumatatu. Hakikisha luku ina yuniti. Nguo zote zikishapigwa pasi Alhamisi, umeme ukikatika Jumamosi jioni wewe unawasikitikia majirani tu. Zitundike kwa mpangilio wa kuvaliwa, na kila henga iwe na mfuko wake mdogo wenye nguo za ndani, hereni na viatu vya nguo hiyo. Kutafuta hereni ya pili saa kumi na mbili jioni kunamaliza nguvu nyingi mno kwa kitu kidogo namna ile.

Andaa na mkoba mmoja mkubwa ambao hutaachana nao mpaka Jumapili. Ndani yake weka viatu vya chini vinavyokunjika, taulo dogo, chupa ya maji, pini, sindano na uzi, chaja, dawa ya kutuliza maumivu, pipi za tangawizi na kanga moja. Kanga ndiyo yenye kazi nyingi. Utaikalia kwenye nyasi baada ya mbio, utajifunika nayo kiyoyozi cha ukumbini kikizidi, utajifunga juu ya kitenge ukipanda bajaji yenye siti ya vumbi. Na utaingia nayo msibani, kwa sababu misiba haingoji wikendi yako iishe. Ukipigiwa simu Jumamosi saa tano kwamba jirani amefiwa, jifunge kanga, nenda ukakae mkekani, andikisha rambirambi, toa pole, rudi. Kitakachopunguzwa siku hiyo ni usingizi wa mchana, au hata mazoezi ya kwaya. Msiba haupunguzwi.

Ijumaa usiku usitoke. Lala saa tatu.

Alfajiri ya mbio

Klabu yetu inaanza saa kumi na moja na nusu, giza halijaondoka. Kuna sababu. Kuanzia Desemba mpaka Machi, jua la Dar likishapanda na ule unyevu wa bahari ukakaa hewani, mtu analoa kabla hajamaliza kufunga kamba za raba. Kuwahi ni kulinda nguvu ya usiku.

Kwa wasiojua, hatukimbii kimyakimya kwa kufuatana. Ni mchakamchaka ule tuliofundishwa shule ya msingi, na filimbi juu yake: kiongozi anaanzisha, sisi tunaitikia, vijana wenye vizibao vinavyong'aa wako mbele na nyuma wanazuia magari, na watoto wa mtaani wanatoka mlangoni na nguo za kulalia kutushangilia. Tunatoka Tabata kuelekea Segerea, tunavipata vilima vya Kinyerezi, tunarudi. Ni raha ambayo mtu wa kukimbia peke yake na spika za masikioni sijui kama anaijua.

Kwa mwanakwaya, hapa ndipo sauti inapoachwa. Kuitikia kwa kupiga kelele huku unapanda kilima na koo limekauka ni kulikwangua koo hilo kwa makusudi. Kwenye kilima piga makofi, itikia kwenye tambarare, tena kwa sauti ya kuongea. Kuitikia kwenyewe ni kipimo kizuri cha mwendo: kama huwezi kumaliza kiitikio bila kukikata katikati ili uvute pumzi, unakimbia mwendo wa mtu mwingine. Rudi nyuma kidogo, kwenye kundi la akina mama. Huko ndiko habari za mtaa zilipo.

Kabla ya kutoka, kula ndizi mbivu moja na maji. Baada ya kurudi ni supu, na supu ina sababu zake, kwani jasho limeondoka na maji na chumvi, na bakuli la supu yenye ndimu linavirudisha vyote viwili. Chapati iwe moja. Ya pili itakulaza usingizi mbaya, ule wa mdomo wazi.

Sasa jihadhari na bonanza. Siku klabu nyingine ikiwaalika, mambo hayaishii kwenye mbio: kuna kuvuta kamba, kukimbia ndani ya magunia, kufukuza kuku, mpira wa miguu wa akina baba wenye vitambi dhidi ya vijana, hotuba ya mgeni rasmi, na pilau saa nane. Ni siku nzima. Ukiwa na kadi ya jioni, kimbia, kunywa supu, piga picha ya pamoja, waage viongozi, ondoka kabla kamba haijaletwa. Kamba inachubua viganja na kukaza mabega, na hivyo viwili ndivyo vya kupigia makofi na kuchezea usiku.

Ukifika nyumbani usikae. Simama ukutani, nyoosha vigimbi, kila mguu kwa utulivu, kisha rudia. Vigimbi vilivyokaza asubuhi vikiingizwa kwenye viatu vya kisigino jioni, utashuka ngazi za ukumbi kinyumenyume. Oga, kisha ulale kuanzia saa tano hadi saa saba, simu uwe umempa mtoto mkubwa na maelekezo: anayeamsha mama ni bibi, au msiba. Usipitilize. Wanaolala mpaka saa tisa wanaamka na mwili mzito na hasira isiyo na mwenyewe.

Saa nane kula chakula kamili, wali na maharage, mboga za majani, tunda. Usijidanganye kuwa utakula ukumbini. Nitakuja huko.

Mazoezi

Mazoezi ya kwaya ni saa kumi jioni. Nenda na mkoba na henga ya sendofu. Ukifika tu, kabla ya sala, mwambie mwalimu wa kwaya kuwa utaondoka saa kumi na moja na nusu, na umwombe wimbo wa kesho utangulie. Mwalimu aliyeambiwa mwanzoni anapanga; anayeona mtu ananyanyuka katikati ya nota anakasirika, na ana haki. Imba nusu sauti. Rekodi mstari wa sauti yako kwenye simu, utausikiliza njiani. Sisi wa sauti ya pili tuna ugonjwa wa kuvutwa na wimbo wa sauti ya kwanza, hasa tukichoka, na kesho tutakuwa tumechoka.

Vaa hapohapo usharikani. Kurudi nyumbani kuvaa ni pengo la saa nzima, na ukiingia ndani mtoto atakuwa na swali la kazi ya nyumbani.

Saa ya kadi na saa ya ukumbi

Kadi imeandikwa saa kumi na mbili jioni. Hakuna anayesema uongo. Kadi inasema saa ambayo kamati ingependa uwe njiani. Hesabu yangu ni hii: mtarajiwa huingia saa mbili hivi baada ya muda wa kadi, na chakula huanza saa mbili nyingine baada ya yeye kuingia. Kwa hiyo kadi ya saa kumi na mbili ina maana ya mtarajiwa saa mbili usiku, na sahani mkononi saa nne. Ndiyo maana nilikwambia ule wali wako.

Kama ni wa familia au wa kamati, wahi. Hiyo ni kazi yako. Mgeni wa kawaida anatakiwa aingie nusu saa kabla ya mtarajiwa. Ukichelewa zaidi ya hapo utakuta mlango umejaa wacheza shoo na wapiga picha, nawe unapita mbele ya kamera umeinama na mkoba wa jogingi. Ili ujue saa yenyewe, usipige simu ukumbini. Huko watakujibu "tunaanza sasa hivi" tangu saa kumi na moja. Piga saluni. Kama mpambe bado anawekwa kope, wewe huna sababu ya kukalia kiti cha ukumbini.

Kutoka Tabata kwenda kumbi za Sinza tunapita Barabara ya Mandela na Ubungo. Daraja la Kijazi lililofunguliwa 2021 limetupunguzia kusimama pale makutano, lakini Jumamosi jioni kila mtu ana kadi, kwa hiyo ongeza muda. Panda bajaji ya dereva unayemfahamu, mkubaliane bei ya kwenda na ya kurudi mkiwa bado Tabata. Bei ya saa sita usiku nje ya ukumbi, ukiwa umevaa sare na viatu mkononi, si bei ya kujadiliana.

Ukiingia, chagua kiti kabla hujasalimia watu. Kaa mbali na spika, kwa sababu jirani na spika utaongea kwa kupayuka na sauti ya kesho itabaki Sinza. Usikae chini ya kiyoyozi. Usikae nyuma kabisa, maana meza huitwa kwenye chakula kwa zamu kuanzia mbele, na za nyuma zinafika wakati kuku amebaki shingo na mabawa. Meza ya katikati, upande wa ukutani, ndiyo yenyewe. Kunywa maji, soda baridi iache kwa wasioimba.

Utambulisho wa familia utakuwa mrefu. Watasimama baba wadogo, mama wakubwa, mashangazi, wajomba, waliotoka mkoani, jirani aliyemlea mtarajiwa alipokuwa mdogo, na kila mmoja atapungia mkono. Wengine hunung'unika. Mimi naupenda, kwa kuwa ndipo ninapojua nani ni nani, na ndio wakati mzuri wa kupumzisha miguu. Vua viatu chini ya kitambaa cha meza, kanyaga sakafu ya baridi, zungusha vifundo vya miguu taratibu. Ukisikia MC anataja upande wenu, vaa.

Kama shughuli ni ya Wachaga, ndafu itakuja nzima, mbuzi amesimama kwenye sinia na majani mdomoni, ikikatwa kwa heshima zake kabla ya chakula. Kipande kikikufikia, kile. Huo utakuwa mlo wako hadi saa nne.

Sasa kwaito, kwa sababu wageni wengi wanaadhirika hapa bila kosa lao. Kwaito ni mistari. Mnacheza hatua zilezile, kisha wote mnageuka robo, mnarudia, mnageuka tena, mpaka mnaelekea mlikoanzia. Asiyejua hatua hukimbilia mstari wa nyuma akidhani amejificha. Baada ya kugeuka mara mbili, mstari wa nyuma ndio wa mbele, na video imewashwa. Pembeni nako ni hivyohivyo. Mahali salama ni katikati ya kundi, ambapo hata mgeuke wapi kuna mtu mbele yako wa kumwiga. Tazama miguu ya yule wa mbele na usitazame mikono yake. Mikono kila mtu ana mbwembwe zake, miguu ndiyo inayofanana. Vaa viatu vya chini kabla ya wimbo wa kwanza. Hakuna anayeangalia viatu vyako kuanzia saa tatu usiku.

Kwenye zawadi mtaitwa kwa makundi, na mnakwenda mkicheza. Kama kundi lenu limenunua friji, vijana wenye mabega walibebe, wewe cheza pembeni yake na lishike kidogo kwa mkono mmoja ili picha ionyeshe ushiriki. Noti zako za elfu moja ziwe zimeshakunjuliwa kabla hujafika kwa mtarajiwa. Mtu anayefungua zipu ya pochi mbele ya meza kuu anasimamisha foleni nzima, na MC hatamwacha.

Zawadi zikishatolewa, wajibu wako umekwisha na muziki wa kufungulia watu ndiyo kwanza unaanza. Cheza nyimbo mbili tatu unazozipenda kweli. Halafu ondoka. Usipite meza kwa meza kuaga. Kuaga nako ni shughuli, kila meza itakurudisha kwenye kiti. Nenda kwa mama mzaa chema peke yake, mpigie magoti kidogo, mpongeze, mwambie kesho una ibada ya kwanza. Yeye atawaambia wengine kuwa uliaga. Wifi akitaka kubaki, hakikisha ana wa kurudi naye.

Kati ya saa sita na saa kumi na moja

Osha vipodozi hata kama macho yanafumba. Loweka miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi wakati unapiga mswaki. Usifungue kundi la picha. Najua zimeshaanza kumiminika, najua unataka kuona ile ya kwenye keki, lakini ukifungua utakesha unakuza sura yako na kuuliza nani alikupiga ukiwa unatafuna. Simu ichajiwe sebuleni, alamu juu, ili uamke kuifuata.

Jumapili mbele ya washarika wote

Ukiwa mwanakwaya hulali kanisani kwa siri. Tumekaa mbele, tumewatazama watu, na mtu wa kwaya akisinzia wakati wa mahubiri usharika mzima unahubiriwa mara mbili. Amka mapema, nung'unika wimbo ukiwa unaoga, mdomo umefungwa, kuanzia chini kupanda juu, mpaka koo lipate moto. Chai ya tangawizi na asali, mkate mkavu. Maandazi ya mafuta yaache hadi baadaye. Mahubiri yakianza, andika: kalamu ikitembea macho hayafumbi. Pipi ya tangawizi ni akiba ya dakika za mwisho.

Baada ya ibada kuna mnada. Washarika wameleta sadaka za vitu, na mwinjilisti mwenye sauti nzuri anainua mkungu wa ndizi, trei la mayai, jogoo. Ukiwa na furaha ya wimbo kwenda vizuri ni rahisi kunyoosha mkono, na kabla hujakaa umeshapewa jogoo mzima anayekutazama, saa tano asubuhi, wakati saa nane una kikao. Nunua mayai. Kama jogoo amekuangukia, mpe mtoto wa jirani amtangulize nyumbani, amfunge mguu uani.

Mchana ni wa mwenzako kupika, kama mlivyokubaliana Jumatano. Wewe kula, lala nusu saa tu, kwenye kochi, si kitandani.

Saa nane kamili kikoba. Nimeona jambo hili kwa muda mrefu: katika mikusanyiko yote ya wikendi, kikoba ndicho pekee kinachoanza kwa saa iliyoandikwa, kwa sababu ndicho pekee chenye faini ya kuchelewa. Kamati za sherehe zingelifikiria. Nenda na daftari lako, pesa ya hisa na ya mfuko wa jamii zikiwa zimetenganishwa, na rejesho la mkopo kama unalo. Kila aliyejiandaa anapunguza kikao. Kinachorefusha ni wale wanaohesabia pale mezani na kuomba kubadilishiwa noti. Kuhusu mengineyo, usiyalete leo. Ukiwa umechoka utaunga mkono chochote ili uende nyumbani, na unaweza kujikuta umechaguliwa mwenyekiti.

Mtu atapendekeza twende Coco Beach tukale mihogo jua linapozama. Mihogo ya Coco naipenda, na pilipili yake, na upepo. Ila kutoka Tabata Jumapili jioni ni foleni kwenda na foleni kurudi, pengo tupu lenye mihogo katikati. Nunua mihogo ya kukaanga hapo kituoni, kaa barazani na watoto, wasimulie sendofu ilikuwaje na waonyeshe picha, maana sasa unaruhusiwa kuzifungua. Kisha kausha kila kitu cha mkoba, rudisha mahali pake, lowanisha jezi za jogingi zisije zikanuka, na ulale saa tatu kama Ijumaa.

Kipindi cha kwanza Jumatatu

Usijifanye mzima. Hata ukifuata yote haya, miguu itakukumbusha ukipanda ngazi. Mimi kipindi cha Jumatatu asubuhi hukipangia mazoezi ubaoni: nagawa maswali ya milinganyo, wanafunzi wanakuja mbele mmoja mmoja kukokotoa, wenzao wanasahihisha kutoka kwenye madawati, mimi nimekaa kiti cha nyuma na kalamu nyekundu. Mkuu wa shule akipita dirishani anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwake huo ni ufundishaji shirikishi.